Klabu yetu ya picha inaisha watu. Tufanye nini?

Swali: Habari mwalimu. Mwaka jana tulianzisha klabu ya wapiga picha hapa Umoja, Nairobi. Tulianza watu thelathini na wanane, sasa wakija wengi ni tisa. Jumamosi moja ya kila mwezi tunachagua mahali, tunatembea, tunapiga picha, tunaziweka kwenye kundi la WhatsApp, tunapigiana makofi, basi. Wenye kamera kubwa wanawacheka wenye simu. Mwenyekiti anataka pesa za mchango zinunue lenzi ya klabu ili watu wawe na sababu ya kurudi. Mimi ndiye katibu na nimechoka kuwapigia watu simu. Mkutano wa kila mwezi unafaa uwe vipi? Halafu kuna kijana anataka kutuletea droni. (Katibu, Umoja)

Jibu:

Dada katibu, pole na hizo simu. Kazi hiyo niliifanya miaka sita katika klabu ambayo leo haipo, na mengi ya haya nitakayokwambia niliyaelewa baada ya kuizika.

Hebu isome tena barua yako. Umesema mnatembea, mnapiga, mnaweka kwenye kundi, mnapigiana makofi. Hujasema popote kwamba mnatazama. Kupiga picha mtu anaweza peke yake, na mara nyingi akiwa peke yake hupiga vizuri zaidi, maana hakuna wa kumharakisha wala wa kumkatiza mbele ya lenzi. Asichoweza kukipata peke yake ni macho ya watu wanane juu ya picha yake, watu ambao si mama yake wala mpenzi wake. Kwa hilo mtu atapanda matatu mbili Jumapili. Kwa vidole gumba vya WhatsApp hatapanda, kwa sababu hivyo vinamfikia akiwa kitandani.

Kwa hiyo geuzeni mambo. Mkutano ndio uwe klabu, na matembezi yawe ya kuulisha mkutano. Na mkutano wenyewe uwe meza yenye picha za karatasi.

Ndiyo, karatasi. Picha iliyo kwenye simu ina taa yake yenyewe nyuma, kwa hiyo kila kitu kinang'aa hata kile kisichostahili. Tena kidole kinawasha: sekunde mbili, mtu ameshasukuma picha nyingine. Picha iliyooshwa (sisi wa zamani bado tunasema kuosha, ingawa siku hizi hakuna maji wala dawa) inakaa pale mezani ikikusubiri. Unaweza kuiweka kando ya nyingine. Unaweza kurudi nyuma hatua tatu uone kama bado inasema kitu. Unaweza pia kuigeuza juu chini, jambo ambalo kwenye simu halifanyiki kirahisi, maana ukigeuza simu na picha inageuka nawe.

Nikueleze kisa kimoja. Mwanachama wetu alikuwa na picha ya mama anayechoma mahindi stejini Kawangware, jioni. Kwenye simu kila mtu alisema ni kali. Akaiosha inchi nane kwa kumi na mbili, akaileta. Tukanyamaza tukiitazama. Mzee mmoja, fundi wa chumba cha giza enzi za filamu, akanyoosha mkono akaigeuza juu chini. Mara mama akapotea na mahindi yakapotea. Kilichobaki ni doa la manjano pembeni. Ulikuwa mtungi wa maji wa lita ishirini, nyuma ya kigoda, uking'aa kuliko makaa. Macho yetu yalikuwa yakienda pale kwanza kila mara, ila hatukuwa tumejua. Mzee akatoa vipande viwili vya katoni alivyovikata kwa umbo la herufi L, akavilaza juu ya picha na kuanza kuvisogeza polepole, kama mtu anayefunga dirisha huku bado akichungulia nje. Mtungi ukatoka. Bega la mteja likatoka. Nusu ya jiko ikatoka. Ukabaki mkono wa mama, kipande cha boksi anachopepea nacho, na cheche. Mwenye picha akakaa kimya, halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nimesimama mbali." Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, na ndiyo maana hakukasirika.

Vile vipande viwili vya katoni ndivyo kifaa bora zaidi nilichowahi kuona klabu ikimiliki. Vimekatwa kwenye boksi la maziwa.

Sasa jinsi ya kuendesha meza hiyo, maana ikiendeshwa vibaya inaumiza watu na wanaondoka kabisa. Mwenye picha asiseme kitu mwanzoni. Asieleze alikuwa wapi, aliamka saa ngapi, wala alivyofukuzwa na mbwa. Picha ikihitaji wakili, tutaona. Dakika ya kwanza ni ya kutazama tu, na itawakera wengi, vumilieni. Kisha anayetaka kusema aanze na anachokiona, si anachokifikiria: "Naona mlingoti umemtoka kichwani." "Naona macho yangu yanakimbilia dirishani." Neno "nzuri" sisi tulilipiga marufuku, pamoja na "kali" na "moto", na aliyelitamka alitupa shilingi ishirini kwenye kikombe. Miezi ya kwanza kikombe hicho ndicho kilichotununulia chai na maandazi. Neno "mbaya" lilitozwa mara mbili. Mwenye picha anazungumza mwisho, na akitaka anaweza kusema asante tu.

Picha ziwe mbili kwa kila mtu. Mkiwa kumi na wawili, picha mbili kila mmoja, dakika nne kila picha, hizo ni dakika 96. Mkiruhusu tano tano mtakaa saa nne, na picha za mwisho zitatazamwa na watu wanaotafuta viatu vyao. Kuna faida nyingine: kuchagua mbili kati ya mia mbili ni nusu ya kazi ya upigaji picha, na wengi wetu hatujawahi kufundishwa.

Angalieni pia taa ya chumba. Balbu ya manjano ya ukumbini inadanganya. Ngozi zote zinageuka chungwa. Sogezeni meza dirishani, au nunueni balbu mbili za mwanga mweupe wa mchana.

Kila baada ya miezi mitatu, wekeni mezani picha ya mtu aliyetutangulia, bila kutaja jina, na muitendee kama ya mwanachama. Nairobi haikosi watu hao. Priya Ramrakha alizaliwa hapa, akapigia jarida la Life, na akauawa akiwa kazini katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Mohamed Amin, naye mzaliwa wa hapa, ndiye aliyeipelekea dunia picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, na bado alirudi kushika kamera. Ukiweka picha ya mtu wa kiwango hicho na vijana wakaanza kusema "naona upande wa kulia uko mtupu", wanajifunza kutoogopa, na jina likitajwa baadaye wanaduwaa kidogo, jambo ambalo si baya.

Siku ya mkutano. Naona mnakutana Jumamosi. Dada, hebu hesabu ni wangapi kati ya wale ishirini na tisa waliopotea wanakula kwa kupiga picha za harusi na ruracio (sherehe za mahari). Jumamosi ndiyo shamba lao. Agosti na Desemba hutawaona hata uwape pesa. Wekeni Jumapili ya pili ya mwezi, saa tisa alasiri, watu wameshatoka kanisani na kula, na mfunge saa kumi na moja unusu ili mwenye kamera begani afike nyumbani kabla ya giza. Iwe ya pili na si ya mwisho, kwa sababu mwisho wa mwezi kuna mshahara na mshahara una shughuli zake. Mkishaiweka msiihamishe hata mkija wanne. Klabu yetu ilianza kufa siku tuliyoanza kuuliza kwenye kundi, "Jameni, mnaweza lini?" Tarehe ikijulikana, hutampigia mtu simu tena.

Matembezi yaje wiki mbili kabla, ili watu wapate muda wa kuchagua na kuosha. Na hapa nina jambo la kulalamikia, maana klabu nyingi za Nairobi hukutana saa tatu asubuhi halafu zinashangaa kwa nini picha ni kavu. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Jua letu halizunguki upeoni likijivuta. Linapanda wima, nyuzi kumi na tano kwa saa. Kutoka kuchomoza mpaka kufika nyuzi sita juu ya upeo ni dakika ishirini na nne hivi. Ile saa ya dhahabu mnayosoma katika mafunzo ya watu wa kaskazini, yaani mwanga laini wa manjano jua likiwa bado chini, kwetu haifiki saa. Mwaka mzima jua huchomoza Nairobi kati ya saa 12:10 na saa 12:45 asubuhi, kwa hiyo wekeni miadi ya saa kumi na mbili kamili, msafiri pamoja kutoka stejini kwenu, na saa mbili mwe mmeshakunja. Katikati ya jiji Jumapili alfajiri ni mahali pengine kabisa: Moi Avenue haina watu wa kukusukuma, jua linaingia kwenye vichochoro kwa upande, na kivuli cha mtu mmoja anayefagia kinajaza barabara nzima.

Saa sita mchana, hasa Machi na Septemba jua linapokuwa utosini, uso wa mtu una mashimo meusi mahali pa macho. Kama ni lazima mpige saa hiyo, mwingizeni mtu chini ya kivuli cha duka, aangalie nje. Ukuta mweupe wa ng'ambo utamrudishia mwanga.

Julai, wingu la baridi linapotanda wiki nzima, watu huweka kamera kabatini. Mimi ndio mwezi wangu. Anga yote inakuwa kama shuka jeupe lililotandazwa juu ya jiji, mwanga laini unatoka kila upande, na ngozi inatulia. Mwezi huo fanyeni picha za nyuso peke yake. Na wafundishane hili, kwa sababu naliona likiharibu picha za harusi za watu wetu kila wiki: kamera haijui inatazama nini. Imeundwa kudhani kwamba kila kinachoonekana mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani, kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na bibi harusi anatoka kama amepakwa majivu. Mtu huyohuyo akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso unazama. Wa kwanza mpunguzie mwanga, wa pili mwongezee. Kwenye simu, bonyeza uso kwa kidole mpaka kioo kikubali, kisha vuta mwanga juu au chini. Chukueni ukuta mmoja, watu watatu wenye rangi tofauti na nusu saa, halafu leteni karatasi mezani.

Mahali pa kwenda pasiwasumbue. Arboretum, msitu wa Karura, Makumbusho ya Reli, soko la Gikomba, hata steji yenu ya Umoja. Msiende kumi na wawili kwa mshona viatu mmoja. Nimeona hilo kwa macho yangu na niliona aibu: mzee kashika msumari mdomoni, kazungukwa na lenzi kumi kama rais. Gawanyikeni wawili wawili, kila jozi na mtaa wake, na mkae mtaa huo saa nzima bila kuhama. Dakika ishirini za kwanza mtapiga kile ambacho kila mtu hupiga. Kuanzia hapo mnaanza kuona. Kichwa cha mwezi kiwe neno moja tu: mikono, kungoja, bluu. Mbuga na maeneo kama Karura huwa na utaratibu wake na ada kwa picha za biashara. Ulizeni getini kabla ya kufungua mabegi.

Kuhusu simu na kamera kubwa, karatasi itaumaliza ugomvi huo bila hotuba yako. Fanya hesabu. Picha ya inchi nane kwa kumi na mbili, nukta mia tatu kwa kila inchi, inahitaji pikseli 2,400 kwa 3,600. Hiyo ni milioni nane na nusu hivi. Simu yenye kamera ya megapikseli kumi na mbili, yaani pikseli milioni kumi na mbili, inazo, na zinabaki. Kinachoiua picha ya simu ni kuituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida kisha kuiosha kutoka hapo, maana imebanwa mpaka upande mrefu unabaki kama pikseli 1,600. Itumwe kama dokumenti, au ipelekwe kwa fundi kwa memori kadi. Kamera kubwa itashinda usiku, itashinda kwa ndege wa mbali na mpira uwanjani, hilo ni kweli na wasinyimwe sifa yao. Lakini picha zikiwa zimelala mezani bila majina, sijawahi kuona mtu akibahatisha sawasawa ipi ya simu na ipi ya kamera kwa mkutano mzima.

Lenzi ya klabu: hapana. Mwambie mwenyekiti kwa heshima, lakini hapana. Itakaa kwa nani? Ikianguka Gikomba nani analipa? Nilishuhudia lenzi moja ya pamoja ikigeuka kesi ya miezi minane, na watu waliokuwa marafiki wakapitana barabarani bila salamu. Anayehitaji lenzi kwa siku moja akodi mjini. Pesa zenu zioshe picha. Mchango wa mwezi ulipie karatasi mbili za kila mwanachama, hata asiye na kitu mwezi huo, na chai.

Na ilipie karatasi ya tatu: ya kurudisha. Kila mtu mliyempiga kwa karibu, na akakubali, apelekewe picha yake. Inchi nne kwa sita inatosha. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walizitundika picha za ghasia hizo barabarani miji mbalimbali katika maonyesho ya Picha Mtaani, na watu waliokuwa ndani ya hadithi ile wakasimama mbele yake na kubishana. Yenu ni ndogo kuliko hiyo, ni ya kibanda kimoja. Lakini yule mshona viatu tuliyemzonga, nilimrudia wiki tatu baadaye na picha yake. Aliifuta vumbi lisilokuwepo, akaniuliza bei, nikamwambia hakuna. Akaichomeka kwenye mbao, juu ya kopo la gundi. Tangu siku hiyo ndiye anayetuonyesha ni nani pale sokoni anapenda kupigwa na nani hataki.

Wasiotaka waacheni. Watoto, msiweke picha zao mtandaoni bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitanii, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kosa hilohilo. Ikulu, kambi za jeshi na vituo vya polisi, kamera zikae mabegini. Mlinzi wa jengo akikukataza, sogea. Anaweza kuwa amekosea, lakini jua linapanda nyuzi kumi na tano kwa saa na ninyi mko hapo mkibishana naye.

Kijana wa droni umwambie kwanza alete usajili wake na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Akivileta, karibu, na aje na picha mbili za karatasi kama wengine. Asipovileta, bado anakaribishwa, ila droni ibaki nyumbani. Nina hakika ana simu.